Bibi Mkoba wa Chumba cha Nta

19 Januari

Sindano wangu,

Barua yako imefika ikiwa imekunjwa vizuri kuliko shuka za hospitali, nikajua kazi ya kujalidi vitabu haijakuharibu. Mimi mzima, isipokuwa sikio la kushoto, ambalo sasa limejiuzulu rasmi. Kwa hiyo usinipigie simu. Ukipiga nasikia mtu anakoroga kokoto ndani ya ndoo, halafu unaniuliza "umesikia?" nami naitikia kwa adabu tu. Andika, mwanangu. Karatasi nitaisoma mara nne na haitachoka.

Umeuliza kazini kuna jipya gani. Huu ni mwaka wa thelathini na moja nakaa chumba kilekile. Chupa huletwa na mabasi kutoka hospitali ndogo za mbali, na ndani ya kila chupa mna kipande cha mwili wa mtu, pengine kidogo kama punje ya mchele. Tunakitoa maji, tunakizamisha kwenye nta ya moto. Nta ikiganda naifunga kwenye mashine na kuikata vipande vyembamba mno, kiasi kwamba unywele wako mmoja ungetoa zaidi ya kumi na tano. Navibandika kwenye kioo, navipaka rangi, kisha daktari anavitazama kwa hadubini na kuandika ugonjwa. Majina yanabaki mapokezi. Chumbani kwetu zinaingia nambari tu.

Jipya ni hili. Juzi imekuja chupa iliyovalishwa mkoba. Zote huja zimeviringishwa nailoni, lakini hii imeshonewa nguo yake ya kitambaa kigumu cha bluu, ina kifuniko, ina hata kifungo. Wenzangu walicheka mpaka chai ikapoa, wakambandika mgonjwa jina la Bibi Mkoba. Mimi sikucheka. Niliushika nikitazama mshono wake. Aliyeushona alikuwa na woga, na alitaka kilichomo kifike salama.

Na wewe, hali yako? Nipe ukweli, usinipe ile "sijambo" ya kupunga mkono.

Mama Mdogo

*

6 Februari

Mume wangu, Mpimaji wa barabara zisizokwisha,

Natumaini kambi imepata maji na wewe umepata kunyoa. Majibu yangu yametoka jana. Kaa chini ndipo uendelee kusoma.

Daktari wa hapa, yule mama wa sauti ya upole, amenichorea kwenye karatasi. Kila mwezi kizazi hujenga utando ndani yake, na kuna homoni mbili kazini. Ya kwanza inasema ota. Ya pili inasema basi, tulia. Kwangu ile ya pili haiji, au inakuja mwezi mmoja na kupotea mitano, ndiyo maana nimekuwa nikitoka damu wiki tatu mfululizo. Utando umeota juu ya utando, tezi zimesongamana, na sura ya chembe zake haipendezi. Si saratani, amesema mara mbili, lakini ukiachwa unaweza kugeuka. Matibabu ya uhakika zaidi ni kutoa kizazi. Kwa kuwa nina miaka thelathini na miwili na bado hatujapata mtoto, amekubali tujaribu vidonge kwanza, na kila miezi mitatu nichukuliwe kipande kingine kipimwe. Vikishindwa, ni kisu.

Vidonge vyenyewe ni homoni ile ya pili, ya kutengenezwa kiwandani. Nilipokiona kimoja nilitaka kucheka. Ni cha ukubwa wa dengu. Muuza duka la dawa alisoma karatasi akanitazama kwa jicho la pembeni: "Dada, hivi ni ukoo mmoja na vidonge vya majira, vya kuzuia mimba. Si uliniambia unatafuta mtoto?" Nikamwambia ndiyo, na ndiyo maana navinunua. Amebaki na mdomo wazi mpaka leo, nadhani.

Sasa jambo la pili. Kipande changu kilikwenda kupimwa kwa Mama Mdogo. Sikujua. Ameniandikia barua nzima kuhusu chupa iliyovaa mkoba, nikaisoma mara mbili nikiwa nimesimama. Niliushona mimi kwa mabaki ya kitambaa cha majalada, kwa sababu nesi alinipa chupa niipeleke mwenyewe kwenye basi, na niliogopa ivunjike njiani. Hajui kuwa ni yangu, na asijue. Alitolewa kizazi akiwa na miaka ishirini na tisa. Miaka miwili baadaye mama yangu akafariki, akanichukua mimi, na hatujawahi kulitaja jambo lile hata siku moja. Siwezi kumrudisha kwenye kitanda kile. Nikipona nitamwambia. Nisipopona, nitatafuta maneno.

Mkeo

*

10 Februari

Mama yangu mpendwa,

Sijambo, na safari hii mkono haujapunga kitu. Mume wangu bado yuko barabarani, na cherehani yetu kubwa ya kushonea vitabu imeharibika, kwa hiyo nashona kwa mkono.

Nina kituko. Mwanafunzi mmoja wa udaktari ameleta utafiti wake niujalidi, unahusu homoni za kutengenezwa zinazofanana na ile ya kizazi. Nilianza kusoma huku nashona, nikazama, na nilipomaliza nikakuta sura ya tatu nzima nimeishona kichwa chini miguu juu. Tangu nianze kazi hii sijafanya kosa la namna hiyo. Imebidi nifumue, na bosi amekuwa akiniita Popo wiki nzima.

Nimeyasoma sikuyaelewa. Wewe unakaa na madaktari. Nieleze kwa lugha yetu: kidonge kinawezaje kukiamuru kizazi? Na kinajuaje mahali pa kwenda?

Binti yako,
Sindano

*

2 Machi

Sindano,

Swali lako nilimpelekea daktari wetu wa hadubini nikijifanya ni langu. Alifurahi kama mtu aliyeulizwa habari za mjukuu. Aliweka kikombe chini, akavuta kiti, na mimi nikamgeuzia sikio zuri.

Anasema mwili wa mwanamke hujitengenezea homoni iitwayo projesteroni kila mwezi baada ya yai kutoka. Wataalamu walipoijua walitaka kuwapa wanawake walioikosa. Shida ni kwamba ile ya asili ukiimeza, ini linaivunja karibu yote kabla haijafika inakokwenda. Basi wakemia wa zamani walichukua kitu kilichomo kwenye mizizi ya viazi vikuu fulani vya mwituni, wakakichonga hatua kwa hatua kikawa na umbo la homoni. Baadaye wengine wakaja wakabadilisha kona ndogo, atomu chache tu, ili ini lisiweze kuivunja upesi. Kona ndogo, Sindano! Nilimuuliza, kizazi hakigundui kuwa hii si ile yake? Akasema kitasa hakimjui fundi aliyechonga ufunguo. Ukiingia na kuzunguka, mlango unafunguka.

Na kidonge hakijui pa kwenda. Kinakwenda kote na damu, kichwani, miguuni, kila mahali. Wanaokisikia ni wale tu wenye kitasa chake.

Mimi miaka yote nilidhani ni mambo ya majira basi. Kumbe ni ukoo mzima. Wamo kwenye vidonge vya kupanga uzazi, kwenye sindano ya miezi mitatu, kwenye kijiti cha mkononi. Wamo wanaomzuilia damu mwanamke anayetoka mpaka anaishiwa nguvu, na wanaomtuliza yule ambaye utando umemwotea mahali pasipo pake na kumgaragaza kila mwezi. Hata wanawake wa umri wangu wanaopewa homoni ya kuotesha, kama kizazi bado wanacho, hupewa na hii iwalinde. Na wamo wanaopewa mwanamke ambaye tezi zake zimeota juu ya tezi. Daktari anasema hilo ndilo linalomshangaza mpaka leo, kwa sababu wengine hupona bila kisu. Si wote. Ndiyo maana hupimwa na kupimwa tena.

Mwanafunzi wako asisahau kuandika na madhara: njaa ya kula mpaka sahani, kunenepa, na hasira za bure. Na wewe kula vizuri, lakini sahani iache.

Niliporudi kwenye mashine yangu niliharibu vipande vitatu. Nilikuwa nawaza kwamba dawa hizo zilikuwa tayari ziko duniani mwaka ule wangu. Hazikuwa zimetufikia, au zilifika na hakuna aliyenikumbuka. Silalamiki. Nimeshangaa tu, mwanangu, nimeshangaa mpaka nimekosa la kufanya na mikono.

Mama Mdogo

*

14 Mei

Sindano,

Leo fupi, macho yamechoka.

Bibi Mkoba amerudi. Nambari ya faili ni ileile, ila safari hii chupa imekuja na nailoni kama za watu wote. Chumba kizima kilisikitika. Nilidhani wenzangu wanamcheka, kumbe walikuwa wanamsubiri.

Siku hiyo mkono wangu wa kulia ulikuwa na ganzi, sijui niliulalia vibaya. Nikamwachia mwenzangu akate. Sijawahi kumwachia mtu kisu changu tangu nianze kazi, akanitazama kama nimemkabidhi mtoto. Ni uzee huo, usiwe na wasiwasi.

Majibu yalipokwisha kusainiwa na kutumwa, nilikiomba kile kioo nikakitazama. Nusu yake imetulia. Tezi zimesinyaa, zimeachiana nafasi kama watu waliokumbuka adabu. Nusu nyingine bado zinasukumana. Daktari ameandika kwamba dawa imeitikiwa kwa sehemu. Nilisimama pale nikasahau kukaa. Mtu niliye mbali naye anameza kidonge kila asubuhi, na mimi naona kwa macho yangu kimefika wapi na kimeishia wapi.

Kwa nini hakushona mkoba? Nadhani amekata tamaa. Au anaogopa kutambulika.

Mama Mdogo

*

21 Mei

Mke wangu,

Barua yako imenikuta juani nikishika mti wa kupimia, nikausoma huo "nusu" mpaka kijana wa upande wa pili akapiga mluzi kuuliza kama nimelala.

Mimi ni mtu wa vipimo, kwa hiyo nitasema nilivyozoea. Daraja lililosimama nusu hatupitishi gari. Daktari amesema tarehe kumi na tano Juni kuna nafasi ya upasuaji. Nakuomba uichukue. Najua hicho kitanzi chenye homoni anachotaka kukuwekea. Nimeuliza hapa kambini, na watu wote wameniambia kitanzi ni cha kuzuia mimba. Tunazuia mimba ili tupate mimba? Kichwa changu kimegoma.

Mtoto nisiyemjua siwezi kumlilia kuliko wewe ninayekujua. Nimeolewa na wewe, sikuolewa na kizazi. Nimekosea kuandika, nimeoa, unaona nilivyochanganyikiwa.

Lakini mwili ni wako. Nitasaini utakachosema wewe.

Mpimaji wako

*

28 Mei

Mama,

Mwanafunzi wangu wa udaktari amefika sura ya mwisho na amekwama, naye amekuja kunikwamisha na mimi.

Katika utafiti wake kuna mwanamke ambaye vidonge vimemfanyia kazi nusu. Anaweza kuwekewa kitanzi chenye homoni ya ukoo uleule, kiwe kinaitoa kidogokidogo palepale ndani ya kizazi, kisha asubiri miezi mitatu mingine apimwe tena. Au atolewe kizazi tarehe kumi na tano mwezi ujao, mambo yaishe. Mumewe anataka yaishe. Yeye hajui anataka nini. Akiamka anasema hiki, akipiga mswaki anasema kile.

Mwanafunzi ameniuliza mimi, na mimi sina mwingine wa kumuuliza ila wewe. Mama, wakati ule wako, kama ungeulizwa, ungesema nini?

Nisamehe. Najua hatujawahi kulizungumza. Ukiona vibaya usijibu, nitaelewa, na nitakuandikia habari za cherehani.

Sindano

*

5 Juni

Binti yangu,

Sijaona vibaya. Nimesubiri mtu aniulize miaka thelathini, na nilikuwa nimeanza kukata tamaa.

Niliingia hospitali Jumanne asubuhi. Nilikuwa natoka damu mpaka natembea nikishika kuta. Nilipoamka wodini nesi akaniambia, "Tumekusafisha, mama, utapata nafuu." Neno hilo tu. Nilielewa maana yake siku ya sita, daktari alipokuwa akiwafundisha wanafunzi wake juu ya kitanda changu, akanionyesha kwa kalamu na kusema "huyu tumemtoa kizazi." Hivyo ndivyo nilivyopata habari zangu. Mmoja wa wanafunzi aliona uso wangu, akainamisha kichwa. Nadhani yule amekuja kuwa daktari mzuri.

Sasa nisikilize. Kisu kile kiliniokoa. Nimeishi, nimekulea wewe, nimekuona ukiota meno ya pili na ukikataa kuchanwa nywele. Sitakubali mtu akisema vibaya upasuaji mbele yangu. Kama wangeniuliza, inawezekana kabisa ningesema toeni, tena upesi. Kilichoniuma ni kwamba waliamua nikiwa nimelala. Nililala na jambo langu, nikaamka nikakuta limekuwa la watu wengine.

Kwa hiyo mimi siwezi kumchagulia huyo mwanamke. Mwambie mwanafunzi amfikishie hili: aende kwa daktari wake, amtazame machoni, amuulize, "Nikisubiri miezi mitatu mingine, hatari yangu ni kiasi gani, na mtajuaje ikizidi?" Akiambiwa asisubiri, akubali kisu na asimwonee mtu haya. Akiambiwa inawezekana, basi achague. Atakachochagua akiwa macho ni chake, na hata akikilia atalia chake.

Kuhusu mumewe. Mwanamume anayesema "nakutaka wewe kwanza" asisumbuliwe sana. Mweleze kwamba shamba nalo hulazwa ili lipandwe.

Nakupenda. Sijui kwa nini sikuandika hivyo tangu mwanzo wa barua.

Mama Mdogo

*

16 Septemba

Sindano! Sindano!

Ameshona! Bibi Mkoba ameshona tena, kitambaa chekundu safari hii, na kifungo kikubwa kama jicho la ng'ombe. Mapokezi waliuleta wakiwa wameushika juu kama kikombe cha ushindi.

Nilisubiri majibu yasainiwe, kisha daktari mwenyewe akatuita. "Njooni muone," akasema, na yeye si mtu wa kuita watu. Tulipanga foleni mbele ya hadubini, mpaka yule anayeosha vioo.

Nitakueleza nilichokiona, ingawa maneno yangu hayatoshi. Mara ya kwanza palikuwa na msukumano, tezi mgongo kwa mgongo, hakuna pa kupita. Sasa tezi zimekuwa vitundu vidogo, vimeachana, vimetulia. Na katikati yake chembe zimejaa, zimenenepa, zimepokea rangi ya waridi, kioo kizima. Daktari akasema ndivyo utando wa mwanamke mjamzito unavyokuwa. Hakuna mimba pale, Sindano. Kuna kitanzi cha plastiki chenye homoni kidogo sana, hata ukiiweka kwenye kope hutaiona. Lakini kizazi kimeambiwa tulia, kimeambiwa kwa lugha kinayoijua, na kimetii. Fujo yote ile imelala.

Nimekata nta tangu nywele zangu ni nyeusi. Nimeona maradhi ya kila namna yakienda mbele. Haya nimeyaona yakirudi nyuma. Nilishika meza.

Yule anayeosha vioo akauliza, "Sasa Bibi Mkoba amepona?" Daktari akasema lazima aonekane hivi mara ya pili ndipo tupumue. Desemba.

Nitakuwepo Desemba. Nimeahirisha kustaafu kwa miezi mitatu. Nimewaambia ni kwa sababu ya kumfundisha mrithi wangu.

Mama Mdogo

*

9 Desemba

Mama,

Nimeandika barua hii mara tano, na nimejalidi nne kati ya hizo, maana mikono ikikosa la kufanya inashona.

Hakuna mwanafunzi wa udaktari. Kosa la sura ya tatu nililifanya kweli, lakini kitabu kilikuwa cha sheria za ardhi. Bibi Mkoba ni mimi. Tangu Januari ni mimi. Chupa ya nne imeondoka na basi la leo asubuhi, ina mkoba wa kijani, na nimeona siwezi kukuacha uikate bila kujua ni ya nani. Nimekuwa nikisoma barua zako na kujiona humo ndani, nikikaa kimya kama mwizi. Uliponiandikia kwamba nusu imetulia, nililia juu ya kitabu cha mteja, ukurasa ukakunjamana.

Sikukuficha kwa kutokuamini. Niliogopa nikikuambia utakirudia kile kitanda. Halafu nikakuuliza swali lile, nikakurudisha mwenyewe. Nisamehe.

Nilimuuliza daktari kama ulivyosema, nikimtazama machoni. Akavua miwani, akanieleza kwa nusu saa. Nilichagua nikiwa macho. Mume wangu alisaini shingo upande, kisha akaniandikia kwamba amewaeleza kambi nzima habari za shamba linalolazwa, na sasa anajifanya mtaalamu.

Majibu yakiwa mabaya, nitakubali kisu. Nimejiandaa. Ila naomba ujue, hiyo miezi sita umenipa wewe.

Binti yako

*

21 Desemba

Binti yangu,

Majibu yako unayo tangu juzi, daktari wako amekuita mwenyewe, kwa hiyo sina haja ya kuyarudia. Lakini nitayarudia. Imelala. Mara ya pili imelala, yote, kona hadi kona. Amekuambia kitanzi kinaweza kutolewa mjaribu kupata mtoto, na msikawie, na uendelee kupimwa kwa sababu ugonjwa huu unajua njia ya kurudi. Msikilize. Mtoto akija, nitamfurahia. Asipokuja, mimi nitakutazama kama ninavyokutazama leo.

Sasa zamu yangu ya kuungama. Nilijua.

Nilijua tangu mkoba wa bluu. Uzi uliopakwa nta, na kifundo kila mshono wa tatu. Ni nani mwingine duniani anayeshona chupa ya maabara kama anajalidi kitabu? Sikwenda kutazama fomu mapokezi, sikuhitaji. Nilikuandikia wiki ileile nikitumaini utasema "Mama, ni wangu." Ukaniletea mwanafunzi. Nikasema haya, mtoto anataka mchezo wa kujificha, nami nitahesabu huku nimefumba macho. Sikuandika neno la nilichokiona kwenye kioo kabla majibu hayajasainiwa na kukufikia, lakini hata hivyo nimevunja desturi ya chumba chetu, na sijuti hata chembe. Mwezi wa tano mkono wangu haukuwa na ganzi. Ulikuwa unatetemeka. Niliogopa kukuharibu.

Kuna jambo jingine, nalo sijamwambia mtu yeyote.

Vipande vya nta hatuvitupi. Viko ghala la chini, droo kwa droo, mwaka kwa mwaka. Wakati ule wangu nilikuwa na mwaka mmoja tu kazini, na kizazi changu kililetwa chumba hikihiki kwa nambari. Mwalimu wangu alikikata nikiwa bado wodini, na niliporudi kazini nikaikuta nambari yangu kwenye daftari la ghala. Nilijua kiko kwenye droo ya tano. Miaka thelathini nimepita mbele ya droo ile nikienda kuchukua vya watu wengine.

Jumatatu nilimwomba daktari ruhusa, nikaifungua. Nta imekuwa ya manjano, lakini ndani mimi bado nimo. Nilijikata mwenyewe, nikajipaka rangi, nikajiweka chini ya hadubini, na kando yangu nikaweka kioo chako cha Januari. Nikamwita daktari bila kumwambia kipi ni cha nani. Alitazama hiki, akatazama kile, akarudi kwa hiki. Akasema, "Ni ugonjwa mmoja. Siwezi kuwatofautisha hawa wawili."

Kisha nikatoa changu na kuweka chako kipya.

Sindano, siwezi kukueleza. Nilikuwa natazama kilekile nilichokuwa nacho, jinsi ambavyo huenda kingekuwa. Daktari aliweka mkono begani kwangu. Nilidhani nitaona wivu, nilijiandaa kuuona, hata leso niliiweka karibu. Haukuja. Kilichokuja ni furaha kubwa ya kijinga, nikaanza kucheka peke yangu, mpaka yule anayeosha vioo akaja kuniangalia kama niko salama.

Mikoba yako, wa bluu, mwekundu na wa kijani, ninayo yote mitatu. Sikurudishii. Leo mchana nimekabidhi kisu, ufunguo na koti. Mrithi wangu ana mikono mizuri, lakini kipande cha mwisho nilichokata kabla ya kuondoka kilikuwa chako, na nilikikata mwenyewe. Mkono haukutetemeka.

Mama yako